Sarafu nayo ni kitabu, tusiitupe bila kuisoma

Jioni moja hivi majuzi nilipitia katika soko la Kangemi, viungani mwa jiji la Nairobi, nikitoka kazini. Nilinunua sukuma wiki na vitunguu kwa mama mmoja wa makamo ambaye nimekuwa mteja wake kwa miaka mingi. Hesabu yote ilikuwa shilingi 80. Nilimpa noti ya shilingi 100, naye akafungua fundo la leso aliyojifunga kiunoni, akatoa sarafu moja na kuniwekea kiganjani. "Ishirini yako hiyo, mwalimu," akasema, kisha akamgeukia mteja mwingine.

Giza lilikuwa limeanza kutanda, lakini vidole vyangu viliitambua sarafu ile kabla ya macho. Niliisogeza kwenye mwanga wa taa ya kibanda cha jirani. Haikuwa ya shilingi 20. Ilikuwa ile ya shilingi 40, iliyotolewa mwaka wa 2003 kuadhimisha miaka arobaini ya Uhuru wa Kenya, yenye sura ya Rais Mwai Kibaki.

Naungama, msomaji, kwamba sikusema neno. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikihifadhi sarafu kuukuu ndani ya mkebe wa majani chai, nami huzibeba darasani ninapowafundisha wanafunzi wangu historia ya maneno. Sarafu hiyo ya arobaini nilikuwa nimeisubiri katika chenji yangu muda mrefu bila kuipata. Basi niliitia mfukoni, nikaaga, nikashika njia. Nilijiambia kwamba hiyo ilikuwa bahati. Nilipofika nyumbani, jina hilo la bahati lilikataa kunikaa vyema moyoni. Mtu anapokupa arobaini akidhani ni ishirini, nawe unajua wala husemi, kitendo hicho kina jina lake katika kila lugha ninayoijua, na jina lenyewe si bahati.

Nitarejea kwa mama huyo kabla ya kuweka kalamu chini. Kwanza nataka kueleza ni kitu gani hasa kilichonifanya niitamani sarafu yenye thamani ya vitumbua viwili hivi hata nikausahau uungwana. Wengi wetu hudhani kwamba mtu anayekodolea macho sarafu kuukuu anatafuta utajiri. La hasha. Sarafu ni waraka. Ni waraka mdogo kuliko wote uliowahi kuandikwa na serikali, na ndio pekee unaomfikia kila raia, awe amesoma au hakusoma. Tatizo letu ni kwamba tunauhesabu bila kuusoma.

Hebu msomaji amwage chenji yake mezani kabla ya kuendelea. Yamkini atakutana na enzi kadhaa za taifa hili zimelala pamoja kama abiria wa matatu moja. Sarafu mpya zaidi zilizinduliwa Desemba 2018, nazo zina wanyama: twiga katika shilingi moja, kifaru katika shilingi tano, simba katika shilingi kumi na ndovu katika shilingi ishirini. Wanyama hao hawakuja kwa ajili ya urembo. Kifungu cha 231 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakataza noti na sarafu zetu kubeba sura ya mtu yeyote. Twiga yule, kwa hivyo, ni matokeo ya mjadala mrefu wa kisiasa kuhusu nani anastahili kukaa katika mifuko ya Wakenya.

Kando ya wanyama hao kutakuwa na Mzee Jomo Kenyatta wa mwaka wa 2005, aliporejeshwa kwenye sarafu miaka mingi baada ya kifo chake. Huenda pia kukawa na Rais Daniel arap Moi, pengine katika shilingi kumi yenye madini ya rangi mbili iliyoanza kutolewa mwaka wa 1994. Wenye umri wangu wataikumbuka shilingi tano ya mwaka wa 1985, iliyokuwa na pande saba, ambayo sisi watoto tuliijua gizani kwa kuipapasa tu.

Mwenye bahati zaidi atapata shilingi nyeupe, nzito kidogo, yenye Kenyatta asiyezungukwa na neno lolote. Hiyo ni ya toleo la kwanza kabisa, lililoanza mwaka wa 1966, mwaka ambao Banki Kuu ya Kenya iliundwa. Miaka michache tu baadaye, mwaka wa 1969, maneno yaliongezwa kuzunguka kichwa cha kiongozi huyo, yakitangaza kwa Kiingereza kuwa ndiye Rais wa kwanza wa Kenya. Katikati ya Kiingereza hicho lilipachikwa neno moja la Kiswahili: Mzee. Mchongaji hakuthubutu kulitafsiri. Labda alijua kwamba Kiingereza hakina neno linalobeba umri, heshima na mamlaka kwa mpigo mmoja.

Mapenzi yangu kwa vyuma hivi hayakuanzia chuoni. Nyanya yangu mzaa baba alipofariki mwaka wa 1996, tulikuta chini ya kitanda chake uzi wa katani uliotungwa sarafu zenye matundu katikati, kama shanga. Zilikuwa senti kumi na senti tano za Afrika Mashariki, zile ambazo pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Sarafu hizo zilikuwa zimekoma kuwa pesa halali tangu mwishoni mwa miaka ya sitini. Baba mdogo alizitazama, akacheka, kisha akazitwaa nyingi na kuzitumia kama washa za misumari alipokuwa akiezeka banda la ng'ombe kwa mabati. Simlaumu. Pesa isiyoweza kununua hata chumvi ni chuma tu, na chuma chenye tundu kina kazi yake. Hadi leo jina la mfalme wa Uingereza linazuia mvua isiwanyeshee ng'ombe wetu.

Nilibakiwa na nne. Mojawapo, ya senti kumi, ilikuwa ya mwaka wa 1936. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ndipo nilipoisoma vyema na kuona jina lililoandikwa juu yake kwa Kilatini: Edwardus wa Nane. Mfalme huyo alirithi kiti mwezi wa Januari mwaka wa 1936, akakiachilia Desemba mwaka huo huo ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani ambaye serikali na kanisa la Uingereza hawakumkubali. Alitawala kwa muda mfupi mno hata Waingereza wenyewe hawakupata kutumia sarafu yenye sura yake. Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti. Kwa kuwa senti zetu zilikuwa na tundu, hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mtu. Zilibeba taji na jina tu. Hapakuwa na haja ya kungoja picha ya mfalme ichongwe na kuidhinishwa. Zilipigwa chapa mapema, kwa mamilioni, zikasafirishwa.

Tazama basi kinaya cha historia. Mchuuzi wa samaki wa Kisumu au Mombasa alikuwa na jina la Edward wa Nane katika fundo la nguo yake, ilhali mchuuzi mwenzake wa London hakuwa nalo. Nyanya yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, aliuhifadhi waraka ambao Mwingereza wa kawaida hakuwahi kuushika.

Sarafu nyingine katika ule uzi zilieleza kisa kingine. Zile za kabla ya mwaka wa 1947 zilimtaja mfalme kuwa ni mfalme na pia maliki wa India, kwa vifupisho viwili vya Kilatini vyenye herufi tatu tatu. India ikapata uhuru mwaka wa 1947, na katika sarafu zilizofuata herufi hizo sita hazipo tena. Hakuna gazeti lililomfikia nyanya yangu kijijini kumweleza kwamba bara zima lilikuwa limejikomboa. Habari hiyo ilimfikia ikiwa imeandikwa kwenye senti, kwa kutoandikwa. Na senti tano na senti kumi za mwaka wa 1964 hazina taji, wala jina la mfalme, wala la malkia. Zinataja Afrika Mashariki tu. Ukizipanga sarafu hizi mezani kwa mfuatano wa miaka, utauona ukoloni ukiondoka herufi baada ya herufi.

Mimi ni mwanaisimu, na msomaji ataniwia radhi nikisema kwamba waraka huo wa chuma una ndugu yake aliye hai, nalo ni neno. Sarafu hufa, ikaishia kwenye mkebe au kwenye paa la banda, lakini jina lake hubaki katika ulimi kwa karne nzima.

Chukua neno pesa. Leo hii twalitumia kwa maana ya fedha zozote, hata zisizo na umbo. Asili yake ni paisa ya Wahindi, sarafu ndogo ya shaba ambayo zilihitajika 64 ili kupata rupia moja. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa zake za shaba mwaka wa 1299 wa Hijria, yaani takriban mwaka wa 1882, zikiwa na picha ya mizani. Kampuni ya Uingereza iliyoshika pwani ya Kenya nayo ikatoa pesa zenye jina la Mombasa mwaka wa 1888, nazo zikawa na mizani vile vile. Neno hilo la chuma duni kuliko vyote ndilo lililochaguliwa mwaka wa 2007 kuitia jina huduma ya M-Pesa. Kwa hivyo mtu anayetuma maelfu ya shilingi kwa simu bila kugusa noti wala sarafu bado anaitaja shaba ya Bara Hindi.

Thumuni je? Wazee wetu waliiita senti hamsini thumuni, na wapo wanaoiita hivyo hadi sasa. Neno hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni sehemu moja ya nane. Lakini senti hamsini si sehemu ya nane ya shilingi. Ni nusu yake! Ni nani aliyekosea hesabu? Hakuna. Thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale, ile fedha kubwa ya Austria yenye sura ya Malkia Maria Theresa, iliyotumiwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu. Riale ikatoweka, rupia ikaja na kwenda, shilingi ikashika nafasi, lakini thumuni ilikataa kuondoka. (Anayepata riale hiyo naye asidhani ana kitu cha mwaka wa 1780 kwa sababu tu mwaka huo umeandikwa. Malkia alifariki mwaka huo, na sarafu ikaendelea kupigwa chapa kwa tarehe ile ile moja miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.)

Majirani zetu wa Tanzania husema hela. Hilo ni jina la sarafu ya Wajerumani, heller, waliyoileta mwaka wa 1904 na kuifanya sehemu ya mia ya rupia yao. Jina lenyewe lilitokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ambako sarafu za aina hiyo zilifuliwa zamani. Wajerumani walishindwa vita na kuondoka, lakini Mtanzania anayelalamika kwamba hana hela angali anautaja mji wao.

Hata vyombo tunavyosafiria vina majina ya sarafu. Nauli ya zamani jijini Nairobi ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, ambazo kwa Kikikuyu ziliitwa mang'otore matatu. Mang'otore yakadondoka njiani, matatu ikabaki, nayo leo imezoeleka hata hatusikii tena hesabu iliyomo ndani yake. Jijini Dar es Salaam, katika miaka ya themanini, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Ndipo yakazaliwa mabasi ya daladala. Miji miwili, nchi mbili, na fikra moja: gari huitwa kwa chuma ambacho utingo hudai mlangoni. Chuma chenyewe hakipo tena. Utingo angalipo na anaendelea kudai.

Sikumbushi haya ili kujionyesha. Nayakumbusha kwa sababu kuna jambo linaloniuma. Mwaka huo huo wa 1966, nchi za Kenya na Tanzania zilitoa sarafu za kwanza za uhuru wao. Weka shilingi mbili hizo pamoja. Ya Tanzania imeandikwa Shilingi Moja. Senti zake zimeandikwa Senti Tano, Senti Ishirini, Senti Hamsini. Ya Kenya imeandikwa kwa Kiingereza, thamani pamoja na jina la Jamhuri. Kiswahili kilipata nafasi moja tu, katika neno Harambee chini ya ngao ya taifa, kwa herufi ndogo ambazo hushindana na kucha za kidole. Noti zetu zilijitahidi kuzungumza lugha mbili. Sarafu, ambayo ndiyo pesa ya maskini, ilizungumza moja tu, tena si ya maskini. Tulikuwa tumeondoa Kilatini cha mfalme ili tuweke nini?

Msomaji atasema kwamba namba ni namba, na kwamba hakuna mtu anayehitaji Kiingereza ili kuijua shilingi kumi. Ningekubali, lau si kisa cha ile arobaini, ambacho nakuja kukimalizia.

Kabla ya hapo, niseme neno la tahadhari kuhusu bei, kwa maana najua wapo watakaokimbilia mikebe ya bibi zao baada ya kusoma makala hii. Mpwa wangu mmoja alisikia kwamba kuna wanunuzi wanaotoa mamia ya maelfu kwa sarafu za kikoloni. Alikuwa na shilingi mbili za mfalme George wa Sita. Mtu asiyemjua alimpigia simu, akazisifu, akataja bei ya kutia kizunguzungu, kisha akamwomba atume kwanza ada ya usajili. Kijana akatuma shilingi 6,500 alizokuwa amekopa. Simu ya mnunuzi haikupatikana tena. Alipokuja kwangu akiwa amenywea, nilizitazama shilingi zake. Zilikuwa za mwaka wa 1952, za shaba na nikeli, zilizolika kwa kupita mikononi mwa watu wengi. Kwa watozi wa sarafu hizo ni vitu vya kawaida mno.

Ukweli ni kwamba umri peke yake hautoi bei. Bei ya sarafu kuukuu hutokana na mambo matatu: zilitengenezwa ngapi na ngapi zimesalia, hali yake ikoje, na wapo watu wangapi wanaoitaka. Hata senti ya Edward wa Nane, pamoja na kisa chake chote, si ghali, kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi. Shilingi za Afrika Mashariki za tangu mwaka wa 1921 hadi 1946 zina fedha halisi ndani yake, lakini ni robo tu ya uzito. Zile za kuanzia mwaka wa 1948 hazina kabisa. Zilizo adimu kweli ni florini za mwaka wa 1920 na 1921, kwa kuwa mfumo huo haukudumu hata miaka miwili kabla ya shilingi kuchukua mahali pake, na nyingi zilikusanywa zikaondolewa. Adimu pia ni zile rupia 15 za dhahabu zilizopigwa chapa na Wajerumani mjini Tabora mwaka wa 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, zenye picha ya ndovu. Hizo, msomaji, hazitoki katika chenji ya sukuma wiki.

Na yeyote atakayepata sarafu ya zamani, tafadhali asiisugue kwa majivu wala ndimu ili ing'ae. Mng'ao huo huondoa ngozi yake na pamoja nayo thamani yake yote sokoni. Mnunuzi wa kweli hulipa. Hakuombi ulipe wewe kwanza. Hizo ndizo kanuni mbili ambazo zingemwokolea mpwa wangu shilingi 6,500.

Sasa narudi Kangemi. Siku ya tatu sikuweza kuvumilia tena. Nilienda sokoni mapema, nikamkuta yule mama akipanga mafungu yake ya mboga. Nilimsalimu, nikatoa ile sarafu, nikaanza kumweleza kwa unyenyekevu wa mtu mwenye hatia. "Mama, juzi ulinipa hii ukidhani ni ishirini. Hii ni arobaini. Nimekuletea ishirini yako iliyozidi."

Aliitazama sarafu, akanitazama mimi, kisha akaangua kicheko kilichowafanya majirani wageuke.

"Mwalimu, hiyo si najua ni arobaini! Nami nilipewa kwa arobaini. Nilikaa nayo wiki mbili. Niliyempa chenji alikataa. Mwenye duka alikataa, akasema ni bandia. Kijana wa matatu alikataa, akaniambia hiyo arobaini ni miaka ya Uhuru, si shilingi. Nikaona heri niitoe kwa ishirini kuliko ilale bure kwenye leso. Wewe ndiye wa kwanza kuichukua bila kuuliza."

Nilikosa la kusema. Siku tatu nzima nilikuwa nimejiona mjuzi aliyemdhulumu mjinga, kumbe mjinga hakuwa yule niliyemdhania. Mama huyo aliijua pesa ya nchi yake barabara. Waliokuwa hawaijui ni wengine wote, na ujinga wao ulimgharimu yeye. Hasara ya kutosoma haikuwaangukia wasiosoma, ilimwangukia msomaji.

Hapo ndipo nilipoona tena, si kwa nadharia bali kwa hesabu ya mboga, jambo ninalolirudia darasani kila mwaka. Neno ni kama sarafu. Halina thamani kwa sababu msemaji analijua; lina thamani kwa sababu msikilizaji analipokea. Ukiwa peke yako katika kulijua neno, huna neno, una sauti tu. Sarafu ya arobaini ni pesa halali, imetolewa na Banki Kuu, lakini katika soko lile ilikuwa imeshuka thamani kwa nusu, si kwa sababu ya uchumi, bali kwa sababu jamii haikuweza kuafikiana juu ya maana ya tarakimu mbili.

Je, ingalikuwaje kama waliokataa wangaliona juu ya chuma kile maneno mawili tu, Shilingi Arobaini, yameandikwa wazi kwa lugha wanayonunulia na kuuzia? Siwezi kuapa kwamba wote wangaliikubali. Nadhani lakini kwamba kijana wa matatu asingaliweza kuzigeuza shilingi kuwa miaka.

Ninatoa wito kwa wanaohusika. Wizara inayosimamia elimu haihitaji fedha nyingi ili mwalimu wa darasa la nne awaambie watoto waje na sarafu tatu kutoka nyumbani, wazisome, na wawaulize wazee wao ziliitwaje na zilinunua nini. Hakuna kitabu cha historia kilicho rahisi kuliko hicho, wala kinachopatikana katika nyumba nyingi kuliko hicho. Wanaobuni sarafu nao wakumbuke kwamba lugha ya taifa ni lugha ya soko, na soko ndilo makao ya sarafu. Nasi wengine tuwe na mazoea ya kugeuza chenji kabla ya kuitia mfukoni, si kwa tamaa ya utajiri, bali kwa heshima ya kuisoma. Hasa tufanye hivyo sasa ambapo malipo mengi yamehamia kwenye simu na chuma kinazidi kutoweka mikononi mwetu. Atakayekuwa na mjukuu mwaka wa 2060 atamwonyesha nini?

Nilimpa yule mama shilingi zake ishirini, ingawa alizikataa mara mbili. Alipozipokea hatimaye, aling'oa kishungi cha dania na kukitia katika mfuko wangu. "Hiyo iweke, mwalimu," alisema akiielekeza kidole sarafu. "Lakini uwaambie watu ni pesa."

Nimewaambia. Wahenga nao walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sarafu kuukuu ndilo daftari lenyewe, nalo linatufikia bure, pamoja na chenji.